Pikipiki iliyolala muda mrefu haiwaki: pa kuanzia kabla ya kufungua kabureta

Pikipiki iliyozimwa ikiwa nzima, ikakaa miezi kadhaa, kisha ikagoma kuwaka, mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Injini ni ileile. Kilichobadilika ni petroli na betri. Kwa hiyo usiitese stata mpaka betri ife kabisa, na usikimbilie kushusha kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, itakwambia pa kwenda, ila kabla yake kuna mambo mawili ya haraka.

Hatua ya 1: swichi na koki. Hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani haijazimwa. Weka nyutro, kunja stendi ya pembeni (pikipiki nyingi zina swichi hapo), fungua koki ya mafuta. Usidharau hatua hii. Hata mafundi wameshaaibika hapa.

Hatua ya 2: betri. Ukibonyeza stata taa zikafifia, au ukasikia "tik tik" tu, chaji imeisha. Ukiwa na mita, betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza. Kwangua ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, kaza nyaya, angalia fyuzi. Pikipiki nyingi ndogo zenye kiki huwaka hata betri ikiwa dhaifu.

Hatua ya 3: plagi. Vuta choki (ile inayobana hewa injini ikiwa baridi), piga kiki mara kadhaa, halafu fungua plagi na uitazame.

Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Nenda hatua ya 4.

Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tatizo ni moto au imekunywa kupita kiasi. Ikaushe, isugue kwa brashi ya waya, kisha pima nafasi ya ncha zake: nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.9, kitabu cha pikipiki yako kina kipimo kamili. Sasa ichomeke kwenye kofia yake, chuma chake kigusane na chuma cha injini, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli yoyote, upige kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa nyekundu na legelege, au hakuna kitu, jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu koili inayoipa plagi umeme. Plagi ni rahisi kuliko kubahatisha.

Hatua ya 4: petroli. Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizolala hukwama. Petroli ikikaa kwenye kabureta, sehemu nyepesi inayoshika moto upesi huruka, na kinachobaki hugeuka utando unaonata. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ilegeze, kinga kwa chombo, unuse. Ikinuka kama vanishi, mwaga yote, na ya kwenye tangi pia. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa baridi, na mvuta sigara akae mbali.

Ukiwa umefungua koki na hakuna kinachotiririka, fungua kifuniko cha tangi. Yakianza kuja, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Yasipokuja, kagua chujio la koki, kisha sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli linalofungua na kufunga mafuta).

Hatua ya 5: tazama chujio la hewa. Panya hupapenda sana.

Maswali

*Fundi, yangu inawaka na choki, nikiirudisha inazima.*
Mara nyingi jeti ndogo ya sailensa imeziba, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli injini ikiunguruma taratibu, si bomba la moshi. Ifungue, safisha kwa dawa ya kabureta na upepo, uitazame kwenye mwanga: lazima uone tundu la duara. Usichokoe kwa sindano ya chuma, shaba ni laini na tundu litapanuka. Uzi mmoja wa waya wa shaba unatosha.

*Yangu haina kabureta, ni ya injeksheni. Naanzia wapi?*
Betri, tena kwa umakini zaidi, kwa sababu pampu na kompyuta yake zinaitegemea. Fungua swichi usikilize: pampu inatakiwa ivume sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, kagua fyuzi na relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha pampu).

*Naweza kuishtua kwa betri ya gari?*
Ndiyo, ikiwa zote ni volti 12 na injini ya gari imezimwa. Chanya kwa chanya, halafu hasi ya gari kwenye chuma tupu cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Ikishawaka, anza kutoa ule wa hasi.

*Nikisafiri tena na kuiacha muda mrefu nifanyeje, mkuu?*
Jaza tangi, funga koki, iache iungurume mpaka izime yenyewe ili bakuli libaki tupu, kisha chomoa waya wa hasi wa betri.