Kubandika plasta ya fentanili nyumbani wakati wa baridi

Ninahudumia wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu kwa wenye magonjwa mazito, hapa Mbeya. Familia zinazotumia plasta ya fentanili, dawa kali ya maumivu inayoingia mwilini kupitia ngozi, huniuliza sana: "Sista, tumebandika tangu asubuhi, mbona bado anaumwa?"

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zimeshikanishwa na mafuta. Fentanili hupenya kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na huyeyuka kwenye mafuta, ila hupenya taratibu. Hujikusanya kwanza ngozini, ndipo mishipa midogo ya damu iichukue kidogo kidogo. Nafuu huchukua saa 12 hadi 24. Usiongeze plasta ya pili. Mpe dawa ya kunywa ambayo daktari amemwandikia kwa muda huo.

1. Chagua kifua, mgongo wa juu au mkono juu ya kiwiko, pasipo kidonda. Mgonjwa aliyechanganyikiwa mbandike mgongoni, asije akaibandua. Nywele zipunguze kwa mkasi. Wembe huchubua ngozi.

2. Osha kwa maji matupu, kausha kabisa. Najua baridi yetu hupasua ngozi na kila mtu hujipaka mafuta, lakini mahali pa plasta pasiguswe na mafuta wala losheni.

3. Bandika nzima, usiikate. Kandamiza kwa kiganja sekunde 30, kisha andika tarehe na saa.

4. Ilinde na joto. Hili ndilo linalonitia hofu Juni na Julai, maana mgonjwa akisikia baridi tunamsogeza kwenye jiko la mkaa au tunamwekea chupa ya maji moto. Joto hufanya dawa itoke haraka na mishipa ya ngozi itanuke, hivyo dozi ya siku tatu huanza kuingia kwa kasi. Mwongezee blanketi, mvalishe soksi na sweta. Homa kali nayo huongeza dawa mwilini. Mpigie daktari mapema.

5. Baada ya saa 72 ibandue, ikunje gundi ikiwa ndani, irudishe famasi ya hospitali. Iliyotumika bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto. Mpya ibandike mahali pengine.

Akisinzia mno, au akipumua polepole kuliko kawaida, bandua plasta na umkimbize hospitali, hata kama njiani ameamka na kuongea. Dawa iliyojikusanya ngozini itaendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi.