Refa wa mchangani, mpe mshika kibendera wa timu kazi moja

Kwenye ndondo, yaani soka la mtaani, washika vibendera mara nyingi ni mchezaji wa akiba au shabiki aliyeombwa dakika ya mwisho. Waite wote wawili kabla ya filimbi ya kwanza, makapteni wakisikia, uwaambie: kazi yenu ni kuonyesha mpira umetoka. Umetoka pale wote mzima unapovuka mstari, chini au hewani. Ukigusa chokaa bado uko ndani. Nani arushe, utaamua wewe.

Kuotea usiwaachie. Si kwamba ni waongo, ila kumnyooshea kibendera mshambuliaji wa mtaani kwako ni mtihani mzito, na wengi hawajafundishwa kuangalia mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, mpira unapopigwa. Kwa hiyo kimbia pembeni zaidi kuliko ulivyozoea, uione safu ya mabeki kwa ubavu.

Mshika kibendera akikosea, usimfokee mbele ya watu. Mpungie mkono wa asante, endelea na uamuzi wako. Sheria ya 6 ya soka inakupa neno la mwisho. Akianza kubishana au kuelekeza wachezaji wake, mwombe kapteni alete mwingine.