Sungura wa Angora: sufu haisubiri maonyesho

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu kutoka Lushoto. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akatoa la moyoni: "Shangazi, nimeona video ya sungura mwenye manyoya kama pamba. Wanasema uzi wake unauzwa ghali kuliko wa kondoo. Kwetu baridi ipo, majani yapo. Nianze na ishirini?"

Nilicheka mpaka akanyamaza. Mimi nimefuga Angora miaka kumi na sita hapa Maryland, Marekani, na kuwapeleka kwenye maonyesho karibu kila mwaka. Nilipozidi sana nilikuwa nao ishirini na sita, na huo ndio mwaka niliofanya makosa mengi kuliko yote. Sasa nimebaki na dume mmoja mzee asiyeonyeshwa popote. Niliyomwambia mpwa wangu siku ile ndiyo haya, nimeyarefusha kidogo.

Kwanza, ni sungura gani huyo

Jina limetoka Ankara ya Uturuki, mji ulioitwa Angora zamani. Chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, kinatambua Angora wa aina nne. Wa Kiingereza ni mdogo, kilo mbili na nusu hadi tatu na kidogo, na sufu imemjaa mpaka usoni na kwenye ncha za masikio. Wa Kifaransa ni mkubwa zaidi, kati ya kilo tatu na nusu na karibu tano, uso wake na masikio ni safi, na manyoya yake yana nywele ngumu kidogo zinazozuia kusokotana. Satin anang'aa kama hariri. Mkubwa kuliko wote, Giant, huanzia kilo nne na kidogo, na huyo anakatwa kwa mkasi kwa sababu hapukutishi sufu yake vizuri.

Anayeanza achukue wa Kifaransa. Najua wa Kiingereza ndiye anayevutia kwenye picha, nami nilianza naye kwa sababu hiyo hiyo. Miezi sita baadaye nilikuwa nakaa sakafuni saa tano usiku nikifumua mafundo nyuma ya masikio ya mnyama ambaye hataki kushikwa masikio.

Pengine umewahi kuona picha ya Franchesca, sungura wa Betty Chu wa Morgan Hill, California. Mwaka 2014 manyoya yake yalipimwa sentimita 36.5 na kuingia kwenye rekodi za Guinness. Picha ya namna hiyo humfanya mgeni adhani mashindano ni ya urefu. Ukimweka sungura mezani, jaji hachukui rula kwanza. Anainama, anapuliza kwa mdomo ubavuni, na kuangalia ngozi inayojitokeza katikati ya lile ua la manyoya. Ngozi ikionekana kipande kidogo tu, sufu imeshiba. Ikionekana kubwa kama kiganja cha mtoto, hata urefu uwe vipi, umeshapoteza. Zaidi ya nusu ya alama mia za Angora ziko kwenye sufu, na ndani ya sufu ujazo na mguso hutangulia urefu.

Weka brashi chini

Hapo ndipo nilipoharibu miaka yangu miwili ya mwanzo. Nilikuwa napiga brashi kila siku, nikijisifu kwa usafi. Kila brashi inayopita inaondoka na nywele zilizo hai pamoja na zilizokufa, na nilipofika maonyeshoni sungura wangu walikuwa safi na wepesi, hawana kitu. Mama mmoja mzee wa meza ya jirani alinitazama, akaniuliza kwa upole, "Nyumbani kwako una blowa?"

Blowa ninayosema ni ile inayopuliza upepo wa kawaida kwa nguvu, kama za kukaushia mbwa. Draya ya saluni haifai, ina moto. Unamweka sungura mezani, unaanzia karibu na mkia, unaelekeza upepo sehemu moja mpaka sufu ifunguke na ngozi ionekane, ndipo unasogea. Mba, vumbi na vipande vya majani hutoka vyenyewe, na nywele zinaachana bila kung'olewa. Dakika ishirini hadi thelathini kwa sungura, mara moja kwa wiki kwa wa Kifaransa, mara mbili kwa wa Kiingereza. Kisha vidole, si kitana, vipite penye shida: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, makwapani, na katikati ya miguu ya nyuma. Fundo likishaganda kama kipande cha mkeka usilivute. Likate kwa mkasi wenye ncha butu huku kidole chako kikiwa kati ya mkasi na ngozi, maana ngozi ya sungura ni laini kama karatasi.

Ukikutana na mba mwingi mgongoni na manyoya yanang'oka kwa mafungu, usilaumu chakula kwanza. Mara nyingi ni utitiri wa manyoya. Muone daktari wa mifugo akupe dawa na kipimo kulingana na uzito, kisha utibu banda zima siku moja.

Mnyama mmoja, mabwana wawili

Sasa nifike kwenye kiini. Sufu ya Angora hukua karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Msokotaji wa uzi anaitaka ikiwa na miezi mitatu hivi. Ukichelewa sana inaanza kuachia kwenye ngozi, inasokotana, na mnyama anaanza kuimeza akijilamba. Ila jaji anapenda sufu iliyokomaa, ndefu, iliyojaa. Kwa hiyo mtu wa maonyesho humuacha sungura bila kukatwa miezi mitano, sita, hata zaidi, akivizia ile wiki ambayo sufu iko kileleni. Wiki hiyo ikipita, imepita.

Sungura hawezi kutapika. Nywele anazomeza lazima zitokee nyuma, na zikikosa nyasi za kuzisukuma zinakaa tumboni pamoja na chakula kilichokauka. Hapo anaacha kula, na sungura aliyeacha kula siku moja ana hali mbaya.

Nilikuwa na jike wa Kifaransa aliyeitwa Zawadi, rangi ya moshi. Ili mnyama apate cheti cha bingwa mkuu lazima ashinde mara tatu, kila mara katika kundi la sungura wasiopungua watano kutoka kwa waonyeshaji wasiopungua watatu. Zawadi alikuwa na mbili. Ya tatu nilikuwa naiona kwa macho, Jumamosi ile ya Oktoba, na sufu yake ilikuwa imefikisha miezi saba. Jumatano nikisafisha trei ya chini ya kizimba nikaona mavi yake yameshikana kwa nywele, punje moja inamvuta mwenzake, kama shanga kwenye uzi. Alhamisi punje zilikuwa ndogo. Nilijua maana yake. Nikajiambia nitamkata sufu Jumamosi jioni tukirudi.

Jumamosi alishinda. Jumatatu alfajiri nilimkuta amelala kwenye kona, baridi. Cheti kilikuja kwa posta wiki kadhaa baadaye. Bado kiko kwenye bahasha.

Tangu hapo kanuni ya banda langu ikawa moja: trei inasomwa kila asubuhi kabla sijanywa chai. Mavi mazuri ni ya mviringo, makubwa, makavu, kila punje peke yake. Yakianza kuungana au kupungua ukubwa, mkasi unatoka siku hiyo hiyo, hata kama maonyesho ni kesho.

Kinga yenyewe ni hei. Nyasi kavu ziwepo saa zote. Peleti, yaani chakula cha vipunje cha dukani, zenye protini asilimia 16 hadi 18 nilitoa kwa kipimo, kwa sababu sufu ni protini na mnyama anayeizalisha anahitaji kuliko sungura wa nyama, lakini siku moja kwa wiki nilitoa hei na maji tu ili tumbo lijisafishe. Wengi hutoa papai au juisi ya nanasi wakiamini inayeyusha nywele. Nami nilitoa kwa miaka. Sungura walifurahia, ila nywele hazikuyeyuka. Maji ni muhimu kuliko papai, na yatolewe kwa chupa ya kuning'iniza yenye mrija, si bakuli, la sivyo kidevu kinalowa kila siku na kugeuka fundo moja kubwa. Chombo cha hei nacho kikae usawa wa mdomo. Kikiwa juu, makapi yote yanaangukia shingoni, na hakuna msokotaji anayetaka kuchambua makapi.

Kila mmoja kizimbani mwake. Wawili wakikaa pamoja hutafunana manyoya. Sakafu ya waya ni sawa kwa usafi, ila weka kibao cha kupumzikia, vinginevyo nyayo za nyuma huota vidonda.

Kuvuna na kuzalisha

Angora wa Kiingereza na wa Kifaransa wengi hupukutisha. Sufu ikiwa tayari inaachia yenyewe, unaivuta kwa vidole kidogo kidogo huku sungura amekaa mapajani ametulia. Akishtuka, bado. Mwishoni mwa 2013 zilisambaa video za mashamba ya China, sungura wakinyofolewa sufu wakiwa wamefungwa na kupiga kelele, na kampuni nyingi za nguo zikaacha kununua Angora. Wafugaji wadogo tulilazimika kueleza kwa kila mteja jinsi tunavyovuna. Nilipouza sufu yangu kwenye tamasha la kondoo na sufu la Maryland, ambalo hufanyika mwezi Mei, nilikuwa nakaa na sungura mapajani nikimvuna mbele ya watu. Hakuna tangazo lililoniuzia zaidi ya hilo.

Ukitumia mkasi, kwa jike angalia chuchu, kwa dume angalia korodani. Ya mgongoni na mbavuni iweke peke yake, ndiyo daraja la kwanza. Ya tumboni na iliyoganda usiichanganye humo kwa kutafuta uzito. Hifadhi kwenye boksi bila kuishindilia. Na baada ya kukata, kumbuka umemvua koti: usiku wa baridi mpe majani ya kulalia na ongeza chakula.

Mimba ni siku 31. Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia. Jike atajinyofoa sufu atandike, na hapa Angora ana hatari ambayo sungura wengine hawana. Sufu ndefu hujizungusha kwenye mguu au shingo ya kitoto na kukaza kama uzi. Nilipoteza vitoto viwili kwa namna hiyo kabla ya kujifunza kuitoa ile sufu, kuikatakata vipande vya sentimita mbili hivi, na kuirudisha ikiwa imechanganywa na nyasi laini.

Kwa aliye nyumbani

Joto ndilo adui wa kwanza. Hapa Maryland Julai hufika nyuzi 35, nami niligandisha chupa za maji na kumlaza kila sungura pembeni ya yake. Madume hata hivyo walikuwa hawazalishi mpaka miezi miwili ipite. Kwa hiyo Tanga mjini, Mombasa au Dar, usijaribu. Lushoto, Njombe, Limuru, sehemu kama hizo, hali ya hewa inaruhusu.

Jihadhari na anayekuuzia "chotara wa Angora" kwa bei ya Angora. Manyoya marefu yanahitaji kurithiwa kwa baba na kwa mama. Ukimpandisha Angora na sungura wa nyama wa aina ya New Zealand, kizazi cha kwanza chote kinatoka na manyoya mafupi. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, ndipo karibu mmoja kati ya wanne atatoka na sufu. Na ukiagiza kutoka nje, kibali cha kuingiza mifugo na cheti cha afya vianze kabla ya pesa kutoka.

Soko nalo liulizwe mapema. Sungura mzuri wa Kifaransa hukupa gramu 300 hadi 400 kwa mwaka. Hiyo haiendi kiwandani. Inaenda kwa mtu anayesokota kwa mkono, tena huichanganya na sufu ya kondoo, kwa sababu ya Angora pekee haina mvutano na fulana yake hulegea. Kama hakuna msokotaji unayemjua kwa jina, jifunze kusokota wewe mwenyewe kabla ya kununua mnyama.

Halafu piga hesabu ya saa. Sungura mmoja, nusu saa ya blowa kwa wiki, pamoja na kulisha, trei na mkasi: weka saa moja na nusu. Ishirini ni saa thelathini, na mpwa wangu ana shamba la kabichi. Mwaka ule wa ishirini na sita sikuwa mvivu. Nilikuwa nimechoka, na Zawadi alifia kwenye uchovu huo.

Nilimshauri aanze na sungura watatu wa kawaida, wa nyama, awalee mwaka mzima. Alinuna kidogo, kisha akakubali. Juzi amenitumia picha. Nilidhani ni ya vitoto. Ni kiganja chake kimejaa mavi, ya mviringo, makubwa, kila punje peke yake, na chini ameandika: "Shangazi, haya je?"