Kununua pinboli ya kwanza ya nyumbani: ogopa betri, flipa haina neno

Jumamosi moja kijana wa Indianapolis alinipigia simu akiwa gereji kwa mtu, pesa taslimu mfukoni, akitaka kununua pinboli, ile mashine ya mchezo ambayo gololi ya chuma inapigwa kwa flipa, yaani vikono vya mbele vinavyonyanyuka ukibonyeza vitufe.

"Shikamoo fundi. Nimeipata mashine, picha zake zinang'aa. Ila flipa ya kushoto hainyanyuki. Niiache?"

"Marahaba. Flipa achana nayo. Mwombe mwenyewe afungue kichwa, lile sanduku lililosimama nyuma, unipigie picha pale penye betri."

Picha ikaja. Betri tatu zimevimba, na chini yake ukungu wa kijani umeteremka kwenye bodi kuu ya umeme hadi unazama ndani ya soketi za waya. Nikamwambia, sasa iache.

Karibu wanunuzi wote wapya hukosea hapo. Wanakimbia ubovu wa dola thelathini na kukumbatia ubovu wa dola elfu moja, kwa sababu wa kwanza unaonekana na wa pili umejificha. Mimi natengeneza mashine hizi viungani mwa Chicago, mji zilikozaliwa: kampuni za Gottlieb, Bally na Williams zilizozitengeneza zote zilikuwa za hapa, na kampuni ya Stern mpaka leo iko Elk Grove Village, jirani na uwanja wa ndege wa O'Hare. Nilikulia Tanga nikicheza gololi mchangani, na kazi yangu leo bado ni gololi, ila hii ni ya chuma, ya milimita 27 na gramu 80 hivi. Mwongozo huu ni kwa Mswahili aliyeko huku Marekani anayetaka mashine yake ya kwanza. Mwishoni nina neno kwa anayewaza kuipeleka nyumbani.

Hatua ya 1: Cheza kabla ya kupenda

Usinunue mashine ambayo hujaicheza angalau mara ishirini. Ya kwanza hadi ya tano utapenda taa. Kufika ya kumi na tano utajua kama mchezo wenyewe unakushika. Kuna baa na kumbi zenye mashine nyingi, na kuna maonyesho, kama Pinball Expo hapa Chicago, ambako ukishalipa kiingilio unacheza bila sarafu.

Ukicheza cheza utagundua kuna vizazi. Mashine za mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 hazina kompyuta: ni koili (sumaku za umeme), rilei (swichi zinazovutwa na sumaku hizo) na kengele za kweli, na ukifungua sanduku lake utadhani umefungua saa kubwa ya ukutani. Zina bei nafuu na sauti tamu, lakini zinataka mtu mwenye subira ya kusugua ncha za swichi mamia kwa mamia. Zikafuata za kompyuta zenye tarakimu tu kichwani. Kuanzia 1991 zikaja zenye skrini ya vitone vya rangi ya chungwa, na kuanzia 2013 skrini kamili kama ya televisheni.

Ushauri wangu kwa anayeanza: tafuta Williams ya kati ya 1986 na 1990, mfano High Speed au Pin-Bot, au mashine yoyote ya miaka ya 1990 ambayo si maarufu sana. Vipuri vyake bado vinatengenezwa na michoro yake ya umeme inapatikana. Ukisaka jina kubwa utalipia jina. The Addams Family ya 1992 ilitengenezwa zaidi ya 20,000, hakuna pinboli ya zama zake iliyouzwa kuizidi, na pamoja na wingi wote huo bei yake haishuki, kwa kuwa kila aliyekuwa kijana wakati ule anaitaka sebuleni kwake. Mashine mpya ya Stern nayo mara nyingi hufika dola 7,000 hivi.

Na bei yoyote utakayoafikiana, weka pembeni kama asilimia kumi na tano ya vipuri. Mashine iliyotumika haiji nyumbani mikono mitupu, inakuja na madai yake.

Hatua ya 2: Pima mlango

Mashine iliyosimama ina urefu wa karibu sentimita 193, inaingia ndani sentimita 140, na uzito wake ni kilo 110 hadi 135. Kinachokwama mlangoni ni kichwa, chenye upana wa karibu sentimita 73. Pima kila mlango, kona ya ngazi na dari ya chumba cha chini ya nyumba. Nyuma ya mashine acha upenyo, na mbele acha nafasi ya mtu mzima kusimama na kurudi nyuma akiudhika.

Hatua ya 3: Ukaguzi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyopashwa moto tayari imeshavuka matatizo ya kuwaka baridi, na wewe hutayaona. Beba tochi, kitambaa safi na simu yenye chaji.

Anza ikiwa imezimwa na plagi imetolewa. Fungua mlango wa sarafu, vuta wenzo uliopo ndani, chuma cha mbele kitaachia, kisha kioo kinateleza kuja kwako. Hapa nisikilize vizuri. Kioo hiki ni kigumu ajabu kikigongwa katikati, lakini pembe yake ni dhaifu kama yai. Changu cha kwanza nilikisimamisha taratibu kwenye sakafu ya saruji, taratibu kabisa, nikasikia "pwaa", na mikononi nikabaki nimeshika hewa. Chini kulikuwa na punje kama za chumvi ya mawe, nikazifagia mpaka usiku. Kilaze juu ya zulia au blanketi.

Sasa uwanja wenyewe, yaani ule ubao uliochorwa ambao gololi inapita juu yake. Huu ndio roho ya bei. Koili utabadilisha, raba utabadilisha, hata bodi za umeme zinauzwa mpya. Rangi iliyolika mpaka mbao ikaonekana hairudi bila kazi kubwa. Elekeza tochi kwa ubavu, mwanga ulale. Angalia mdomo wa kila shimo, mahali gololi inapodondokea ikitoka kwenye reli, na eneo la mbele ya flipa. Kisha fumba macho upitishe kidole juu ya vile vidirisha vya plastiki vyenye taa chini yake. Kama kidole kinakwama ukingoni, kidirisha kimezama au kimechomoza, na gololi itakuwa inaruka pale kila siku. Uchafu mweusi usikutishe, huo unafutika. Futa kidogo kwa kitambaa chako uone kama chini kuna rangi au kuna mbao.

Inua uwanja, uegemeze. Chini utaona msitu wa waya. Usihangaike kuuelewa, tafuta kitu kimoja tu: mikono ya watu. Waya za rangi ngeni zilizounganishwa kwa utepe wa kunata, risasi ya kulehemu iliyodondoka kama machozi ya mshumaa, na kubwa kuliko yote, fyuzi iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kuwekewa ya ukubwa usio wake. Ukubwa sahihi mara nyingi umeandikwa pembeni ya fyuzi. Linganisha. Fyuzi ikiungua mara kwa mara ina habari ya kukupa, na aliyeifunga karatasi ameamua kuiziba mdomo.

Halafu kichwa. Kwenye mashine nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi za 1990, bodi kuu ina betri za kutunza kumbukumbu. Za Williams za miaka ya 1990 ni tatu, saizi ya betri za saa ya ukutani. Bally za zamani zina betri ya kuchaji iliyounganishwa kwa risasi kabisa kwenye bodi. Zikisahaulika zinavuja, na majimaji yake yanakula shaba. Chunguza chini ya betri na soketi zilizo chini yake. Ukiona kijani au ukungu mweupe, hesabu bodi mpya kwenye bei au nenda zako. Angalia pia soketi za taa: plastiki iliyogeuka kahawia kama mkate uliopitiliza ni dalili ya joto. Hiyo inatengenezeka, ila ni hoja nzuri ya kupunguza bei.

Ruhusa ya kuwasha sasa. Soma skrini mara moja, usiongee na mtu. Ikisema imerudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, betri zimekufa au hazipo. Kwenye Williams na Bally za miaka ya 1990 tazama idadi ya michezo iliyolipiwa: kama baada ya namba kuna kitone kidogo, mashine inakunong'oneza kwamba kuna swichi au kifaa kinachoisumbua. Wauzaji wengi hata hawajui maana ya kitone hicho. Vitufe vilivyo ndani ya mlango wa sarafu vitakupeleka kwenye majaribio: taa moja moja, koili moja moja, kisha swichi, ambazo unazigusa kwa kidole, kila moja itamke jina lake.

Rudisha kioo, cheza michezo minne au mitano. Katikati ya mchezo bonyeza flipa zote mbili kwa pamoja, haraka haraka, mara kumi. Mashine ikizimika na kujiwasha upya, umeme wa bodi unashuka chini ya volti 5, mara nyingi ni kapasita na vigeuza umeme vilivyochoka. Ni ugonjwa unaojulikana na una dawa. Flipa zikilegea baada ya dakika kumi na tano, nazo ni vipuri vya ndani vilivyochakaa, seti yake ni dola makumi machache na jioni moja ya kazi. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana aachane na flipa.

Muuzaji akikataa kutoa kioo au kufungua kichwa, kwamba ufunguo umepotea, mshukuru kwa muda wake. Fundi wa kufuli anatoboa kufuli lile kwa dakika tano. Si ufunguo uliopotea.

Hatua ya 4: Bei

Taja ulichokiona, kimoja kimoja, bila kuidharau mashine ya mtu. "Kaka, uwanja wako ni mzuri sana, ila hizi soketi zimeungua, na raba zote ni za kubadilisha." Hapo anashuka mwenyewe. Omba na kitabu cha maelekezo, funguo zote na plastiki zozote zilizobaki kwenye droo.

Hatua ya 5: Kuibeba

Watu wawili, wasiopungua. Kwanza toa gololi zote. Zikisahaulika ndani, zitavunja taa na plastiki njia nzima. Kwenye mashine nyingi za miaka ya 1980 na kuendelea kichwa kinakunjwa kulala juu ya sanduku: fungua latchi ya nyuma, weka blanketi katikati, kunja, funga mkanda. Za zamani kabisa kichwa kinatolewa chote, hivyo piga picha kila soketi kabla ya kuichomoa. Miguu ina bolti nane, mbili kila mguu. Toa ya mbele, teremsha, kisha ya nyuma. Ndani ya gari inakaa vizuri imesimama kwa mgongo wake, imefungwa mikanda miwili. Usiiburute juu ya miguu yake, mbao za pembeni zinapasuka na haziungiki vizuri.

Hatua ya 6: Kuisimika

Wengi huiweka tambarare kama meza ya chakula, kisha wanalalamika mchezo ni wa kizembe. Mwinamo unaotakiwa kwa mashine nyingi za kompyuta ni karibu nyuzi 6.5. Zungusha miguu ya nyuma kuipandisha, weka simu juu ya uwanja usome nyuzi. Kushoto na kulia lazima iwe sawa kabisa. Tumia pimamaji mbele na nyuma, maana sakafu ya gereji hudanganya.

Tupa gololi za zamani hata kama zinaonekana nzuri. Moja yenye michubuko ni msasa unaozunguka juu ya rangi yako. Ng'arisha uwanja kwa nta ya karnauba, usitumie maji wala mafuta ya kupulizia. Flipa na koili hazitaki mafuta hata tone. Betri zihamishie kwenye kikasha chenye waya, kikae mbali na bodi. Mwisho, ingia kwenye mipangilio uruhusu mchezo wa bure, la sivyo watoto watamaliza sarafu zako za kufulia nguo.

Kwa anayetaka kuipeleka nyumbani

Mashine za Marekani zinakula volti 120. Nyingi za kompyuta zina transfoma inayogeuzika kuwa ya volti 230 kwa kubadilisha viungo vya waya kwenye soketi yake, pamoja na fyuzi kuu, na maelekezo yako kwenye mchoro wa mashine husika. Kagua hilo kabla ya kulipia kontena. Dar, Tanga au Mombasa itie stabilaiza, na isikae dirisha la upande wa bahari. Chumvi ya hewani itaanza na vyuma vya reli, kisha itahamia kwenye soketi.

Na kama unaishi ghorofani, ndani ya kichwa cha mashine nyingi kuna nyundo ndogo inayogonga mbao ukishinda mchezo wa ziada. Kishindo chake ni kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Jirani yangu wa chini alifungua mlango mara tatu usiku mmoja kabla sijaizima kwenye mipangilio.