Kona ya reli ya mfano: pima behewa kwanza
Wenzangu wa Nakuru mnaojenga reli za mfano mezani, kabla ya kupigilia kona, pimeni behewa refu kuliko yote. Zidisheni mara tatu: hiyo ndiyo nusukipenyo ya kuanzia, yaani umbali kutoka kitovu cha duara la kona hadi reli. Behewa la sentimita 30 linataka sentimita 90. Funga kamba ya urefu huo kwenye msumari, chora kwa penseli.

Hatari zaidi ni kona mbili zinazopinda pande tofauti. Weka katikati kipande kilichonyooka, kisichopungua urefu wa behewa hilo, la sivyo viungio vya mabehewa vitavutana kando na gurudumu litapanda reli. Nafasi ndogo? Tumia mabehewa mafupi ya mizigo. Mimi naiga mteremko wa Mau kuelekea Kisumu, na kweli kona pana hupendeza mno.