Bandika gamu kabla ya kukata miraba ya fulana za mfarishi wa kumbukumbu

Anayetaka kushona mfarishi wa kumbukumbu, yaani tandiko la viraka, kwa fulana za mpendwa wake asikate miraba kamili kabla ya kupiga pasi. Fumua fulana ubavuni, kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kilaze kifudifudi, kisha bandika nyuma yake gamu nyepesi ya pasi, ya aina ile ambayo mafundi huiweka ndani ya kola, na ndipo upime na kukata mraba kamili, tuseme wa sentimita 30. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo huvutika, na kingo zake hujikunja mara tu zinapokatwa. Mimi nilitanguliza mkasi, na miraba iliyokuwa sawa mezani ikatoka kwenye cherehani imepinda kama vigae vilivyovunjika. Gandamiza pasi kwa sekunde 10 hivi, iinue, hamia sehemu nyingine, kwa maana ukiiburuta unavuta kitambaa, na gamu itakikaza kikiwa kimeshapinda. Mashati ya pamba yenye vifungo hayahitaji haya yote. Njia hii hushindwa kwenye jezi za poliesta, ambazo huweza kung'aa au kuyeyuka kabla gamu haijashika, na kwenye nguo iliyofuliwa kwa dawa ya kulainisha, kwa sababu utando wake huzuia gundi. Hiyo ifuliwe upya kwa sabuni peke yake, ingawa fulana yenye harufu ya mwenyewe mimi nisingeigusa. Picha au maandishi ya raba yaliyochapwa juu ya fulana yasipigwe pasi kwa mbele.