Somo: Kujitoa kwa simu kwenye huduma inayokukata salio

Habari zenu wanachama. Wengi mmeomba niandike hatua kwa hatua namna ya kujitoa kwenye zile huduma za makato: nyimbo za miito, dondoo za afya, matokeo ya mpira, bima ndogondogo, intaneti ya nyumbani ya kulipia kwa mwezi. Kujiunga ni kubonyeza moja tu, tena pengine aliyebonyeza ni mtoto. Kujitoa unaambiwa piga simu, na simu hiyo inachosha watu mpaka wanasema bora nikatwe yaishe.

Yasiishe. Shilingi 150 kwa siku ni 4,500 kwa siku thelathini, na kwa mwaka ni 54,750. Hapa Mwanga, Kigoma, kwenye kibanda changu cha uwakala wanakuja mama wauza dagaa, wanakuja vijana wa bajaji, wote hela imewatoka hivyo na hawajui imekwenda wapi. Nimekaa nao kwenye simu hizo, spika imefunguliwa, na nawaambia kwa uhakika: anayepiga bila kumjua anayemkata, na anayeitikia "ndiyo" kabla hajasikia neno "imeondolewa", atapiga tena wiki ijayo.

Hatua ya kwanza: mjue anayekukata

Hapa msiharakishe, maana nusu ya simu zinazopotea zinapotea kwa sababu mtu amempigia asiyehusika.

Kuna wakataji wa aina tatu. Wa kwanza ni kampuni ya simu yenyewe, kwa mfano wimbo wa mwito au kifurushi kinachojirudia chenyewe. Wa pili ni mtoa maudhui, yaani kampuni nyingine inayotuma meseji kwa namba fupi na kukata kupitia laini yako. Wa tatu ni malipo uliyoyaruhusu kwenye kadi ya benki, pesa za simu au akaunti ya Google. Huyu wa tatu mhudumu wa mtandao wako hana la kumfanya hata ukae naye saa nzima.

Soma meseji za makato. Angalia imetoka namba gani, imekata kiasi gani, saa ngapi. Kama hakuna meseji yoyote ila salio linapungua, fanya jaribio hili: usiku weka vocha ndogo, zima data kabisa, usipige, usinunue kifurushi. Asubuhi angalia salio. Likiwa limepungua, una huduma imekung'ang'ania. Likiwa palepale, mara nyingi aliyekuwa anakula ni intaneti inayotumika nje ya kifurushi, na dawa yake ni kuzima data kifurushi kinapokwisha. Wengi sana wanaolalamika makato shida yao ni hiyo ya pili, na wanamgombeza mhudumu bure.

Hatua ya pili: jaribu meseji na menyu kabla ya simu

Huduma nyingi za namba fupi zinakupa neno la kujitoa, mara nyingi STOP au ONDOA, likiwa limeandikwa mwishoni mwa meseji ya kwanza uliyopokea. Litume kama lilivyoandikwa, kwa namba ileile. Kama neno huna tena, ingia kwenye menyu ya mtandao wako ya nyota na reli, utafute sehemu ya huduma ulizojiunga nazo. Ikikubali, simu huihitaji: nenda moja kwa moja kwenye jaribio la vocha mwishoni mwa hatua ya tano.

Angalizo: neno hilo litume kwa namba fupi unayojua inakukata. Meseji iliyotoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi ikidai umejiunga na kitu, usiijibu. Hao ni matapeli. Itume kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli.

Hatua ya tatu: jiandae

Karatasi na kalamu. Namba ya kitambulisho cha taifa cha aliyesajili laini. Majina yake yote kama yalivyo kwenye usajili. Tarehe na kiasi cha makato mawili au matatu ya karibuni. Chaji ya kutosha.

Piga asubuhi ya siku ya kazi. Jioni watu wote wametoka kazini na wanapiga, utasikiliza muziki mpaka ukate mwenyewe.

Kwa walio mwambao wa kaskazini, kuanzia Kagunga na vijiji vya mpakani: kabla hujapiga, tazama juu ya kioo panasomeka jina la mtandao gani. Simu ikiwa imedaka mnara wa Burundi, namba 100 huenda isikufikishe kwa mhudumu wako, na salio la kawaida linaweza kuliwa kwa bei ya nje. Ingia kwenye mipangilio uchague mtandao kwa mkono, ndipo upige.

Hatua ya nne: simu yenyewe

Piga 100. Ni namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote nchini. Chagua lugha, kisha sikiliza menyu bila kubonyeza ovyo. Chaguo la kuongea na mhudumu mara nyingi huwekwa mwisho. Kwa bima au intaneti ya nyumbani piga namba iliyo kwenye mkataba, si namba uliyopewa mtaani.

Akipokea, salimia, kisha sema sentensi moja tu: "Naomba kuondolewa kwenye huduma hii kuanzia sasa, na naomba namba ya kumbukumbu ya ombi langu." Ukianza kusimulia ulivyojiunga, binti yako alivyobonyeza, na vocha ilivyoisha njiani Kasulu, umempa nafasi ya kukuuliza na kukushauri, na hukuja kushauriwa.

Juzi mama mmoja wa Ujiji alipiga akiwa amekaa kwenye benchi langu. Maongezi yalikwenda hivi:

"Pole sana mama kwa usumbufu. Kwani huduma yetu haikuridhishi?"

"Naomba kuondolewa."

"Sawa mama, ila leo nina ofa. Nikikuwekea siku saba za bure utaendelea kufurahia, sivyo?"

"Asante mwanangu. Naomba kuondolewa."

"Basi nikusimamishie kwa muda, ukipenda utarudi. Sawa mama?"

Hapo ndipo watu wanapoanguka. Kusimamishwa kwa muda si kuondolewa. Siku zile zikiisha makato yanarudi, na ukilalamika wanakuonyesha kwamba ulikubali. Mama yule alikuwa ameshafungua mdomo aitikie "sawa", kwa adabu tu, kama tulivyolelewa. Nikamwonyesha karatasi nilipoandika kwa herufi kubwa: SITAKI KUSIMAMISHWA. NATAKA KUONDOLEWA. Akaisoma pole pole kwenye simu. Kimya kidogo, vidole vikasikika kwenye kibodi, kisha: "Tayari mama, imeondolewa."

Msimtukane mhudumu. Anasoma maneno aliyopewa na mwajiri wake, na kwenye vituo vingi vya simu mfanyakazi hupimwa kwa wateja aliowazuia wasiondoke. Heshima yako kwake isiwe sababu ya kukubali ofa, lakini iwepo. Akisema "subiri kidogo", muulize jina na uandike saa, maana simu ikikatika utaanza upya na mwingine.

Atakuuliza majina, namba ya kitambulisho, pengine namba ulizopigia karibuni. Hayo ni sawa. Namba ya siri ya pesa hana ruhusa ya kuiuliza. Akiiuliza, kata.

Hatua ya tano: uthibitisho

Usikate simu bila vitu vitatu: namba ya kumbukumbu, jina la mhudumu, na meseji ya kuthibitisha iliyoingia mkiwa bado mnaongea. Mwambie, "Nasubiri meseji hapa hapa." Kisha umwulize kama kuna huduma nyingine kwenye laini hiyo. Mara nyingi ipo ya pili na ya tatu ambazo hukuzitaja, naye hatazitaja mpaka umwulize.

Usiku ule rudia jaribio la vocha ndogo.

Hatua ya sita: makato yakiendelea

Piga tena, taja namba ya kumbukumbu, omba msimamizi, sema unataka kufungua malalamiko rasmi. Au nenda kwenye duka la huduma la mtandao wako ukiwa na karatasi yako. Wasipotatua, malalamiko yanakwenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kuna na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji, na Kanuni za Ulinzi wa Mlaji za mwaka 2018. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma na alikujibu nini. Ndiyo maana nasisitiza karatasi: mwenye tarehe, jina na namba ya kumbukumbu anasikilizwa haraka kuliko mwenye hasira peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa bajaji, Gungu: Dada, mimi nilifuta kabisa ile programu kwenye simu lakini benki bado wananikata kila mwezi. Nimepiga 100 wanasema hawaoni kitu.

Jibu: Wanasema kweli, kaka. Wewe uko kwenye aina ya tatu. Kufuta programu hakufuti usajili. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, chagua hiyo huduma na ughairi hapo. Kama ulijiunga kwenye tovuti yao na si kupitia Play Store, itabidi ughairi kwenye akaunti yako ya huko huko. Wakikataa, benki yako inaweza kufunga kadi hiyo na kukupa nyingine.

Mwanachama wa Uvinza: Shikamoo dada. Bibi yangu Kiswahili cha kwenye simu kinamshinda, anaelewa Kiha zaidi. Naweza kumpigia mimi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Piga ukiwa umekaa naye. Mwambie mhudumu mapema kwamba mwenye laini yupo na unamtafsiria, kisha bibi ataje jina lake mwenyewe. Usijifanye wewe ndiye bibi, wakigundua wanakataa ombi lote. Na kabla ya yote piga *106# mkahakiki usajili wa laini hiyo kwa namba ya kitambulisho chake. Wazee wengi laini zao zilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu au jirani, na hapo mwenye haki ya kuomba ni huyo aliyesajiliwa.

Mama wa Katubuka: Mume wangu alifariki, laini yake naitunza kwa sababu watu wa madeni na wa shamba wanapiga huko. Kila nikiweka vocha inakatwa. Nikipiga wanataka kuongea na yeye. Naumia kila mara kuwaeleza upya.

Jibu: Pole sana mama. Usipige tena. Nenda duka la huduma la mtandao huo na cheti cha kifo, kitambulisho chako na nyaraka za kuonyesha uhusiano wenu. Waombe mambo mawili kwa pamoja: waondoe huduma zote za makato, na wakueleze utaratibu wa laini kuhamia jina lako. Uliza pia kuhusu pesa zilizomo kwenye akaunti ya simu, maana utaratibu wake ni tofauti na wa laini. Mpaka hapo usiweke vocha, simu zitaingia tu. Ukipenda kusindikizwa niambie, nitafunga kibanda asubuhi hiyo tuende wote.

Fundi, Mwandiga: Hela zilizokatwa zinarudi?

Jibu: Zinaweza, kama unaonyesha kwamba hukujiunga au kwamba walikata baada ya kuthibitisha kukuondoa. Omba kwenye simu ileile. Mkiachana bila kutaja marejesho, baadaye ni kazi.

Mwalimu, Kasulu: Kwa nini kujiunga kusihitaji simu lakini kujitoa kuhitaji? Hili si la kisheria?

Jibu: Mwalimu, sababu ni kwamba kila anayechoka njiani anabaki kuwalipa. Na si kwetu tu. Jimbo la California linadai tangu Julai 2018 kwamba aliyejiungia mtandaoni lazima aweze kujitolea mtandaoni. Ujerumani tangu Julai 2022 inadai tovuti ziweke kitufe cha kusitisha mkataba. Huko Marekani kwa ujumla, tume yao ya biashara ilipitisha kanuni kama hiyo mwezi Oktoba 2024, na mahakama ya rufaa ikaitengua Julai 2025, kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Mimi naona nasi tungedai kanuni nyepesi: njia uliyoingilia iwe ndiyo ya kutokea. Malalamiko yakifika TCRA kwa maandishi, na yakiwa mengi, ndiyo yatakayolisukuma hilo.

Mwanachama wa Kibirizi: Nimeshatoka, asante. Sasa wananipigia wao na matangazo kila siku, hata nikiwa ziwani usiku.

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kwa matangazo. Wakipiga sema hivi: "Naomba namba yangu iondolewe kwenye orodha ya matangazo, na nithibitishiwe kwa meseji." Andika tarehe. Wakirudia, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na akipiga mtu akisema anataka kukusaidia kujitoa, huku anakutajia namba za kubonyeza au anaomba namba ya siri, kata na uripoti 15040. Mwenzetu mmoja wa mwaloni aliondolewa akiba yake yote kwa simu ya namna hiyo, akiwa anaandaa nyavu.